Ulimbo wa Jozani

Simu iliita mara moja, ikakatika. Kisha ukaja ujumbe.

"Shorobo wanasafiri leo. Pwani ya Pete, saa moja. Ziba njia."

Riyama alikuwa bado juu ya mswala. Aliusoma mara mbili ujumbe huo wa mkuu wake, akaukunja mswala.

Shorobo ni ndege wa kijani mwenye mbawa nyekundu, na msitu wa Jozani hauna wengi. Miezi sita sasa Riyama alikuwa akimwinda mtu anayewauza kwa wageni. Mtaani Mpendae walimjua kama karani wa bandari. Hakuna aliyejua kuwa ni jasusi, hata Nadir, mchumba wake.

Kila alfajiri, kabla ya kazi, wawili hao walikwenda Jozani kutazama ndege. Darubini moja ya Nikon, chupa moja ya chai. Leo Nadir alileta udhuru. Homa, alisema.

Ndoa yao ilikuwa Ijumaa.

Pikipiki yake ya Honda ikanguruma. Bastola ya Glock kiunoni, redio sikioni.

Ndani ya Jozani, chini ya mkuyu wa tatu, alisimama. Kiota kitupu. Akashika tawi la chini, likamnata mkono.

Ulimbo. Utomvu wa mfenesi uliochemshwa, wa kunasia ndege.

Viota vyote vya shorobo vilikuwa vimeandikwa ndani ya daftari lake tu, na aliyewahi kulishika daftari hilo ni mtu mmoja.

Ulimbo hautoki kwa maji. Kila aliyekulia shamba anajua kuwa hutolewa kwa mafuta ya taa. Na siku tatu mfululizo vidole vya Nadir vilinuka mafuta ya taa. "Nnatengeneza jiko la mama," alisema. Mtoto wa mjini yule, alidhani uongo huo unatosha. Riyama aliijua harufu ile tangu siku ya kwanza. Alijifanya hajui, kwa sababu alimpenda, na sasa aliona haya.

Redio ikakoroma. Bi Nassra, mkuu wake, akamwita kwa jina lake la kijasusi.

"Kozi, umemtambua?"

Riyama alisugua mkono kwenye gome la mti; ulimbo haukutoka.

"Kozi!"

"Naam. Nimemtambua."

"Niwaambie doria wamkamate?"

"Nitamkamata mimi."

Akashuka na Honda hadi pwani, akakimbia juu ya njia ya mbao inayopita kati ya mikoko ya Pete. Mbele yake mtu alikuwa akienda mbio, tenga begani. Kwenye mlango wa bahari ilingoja boti ya mpira yenye injini ya Yamaha, mgeni mmoja kaikalia.

Riyama aliilenga injini, akafyatua risasi moja.

Injini ikazimika. Mgeni akanyoosha mikono juu. Mwenye tenga akageuka.

"Riyama?" Nadir aliitazama bastola, akautazama uso. "Kumbe wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha majina ya ndege. Weka tenga chini."

"Nlitaka kukwambia, wallahi."

"Lini? Ijumaa, mbele ya kadhi?"

"Niache nipite, mpenzi wangu. Ndege tu hawa."

Ndege tu. Angesema amelazimishwa, angesema anaumwa, hata angemtukana, pengine Riyama angeishusha bastola. Lakini alfajiri zote zile, bega kwa bega, wakinong'ona wasiwashtue, kwa Nadir zilikuwa ndege tu.

"Piga magoti, Nadir."

Akapiga. Riyama akamfunga pingu, vidole vyake vyenye ulimbo vikanata kwenye mikono ile aliyoipenda.

Askari wa doria walipofika, Riyama alifungua tenga. Shorobo saba. Sita waliruka, wekundu ukawaka juu ya mikoko. Wa saba alikuwa amenata vidole. Riyama akaomba mafuta ya nazi nyumba ya jirani, akamsafisha kidole kimoja kimoja, Nadir akimtazama toka ndani ya gari la doria. Ndege huyo naye akaruka.

Redio ikakoroma.

"Kazi safi, Kozi. Na ile ruhusa yako ya Ijumaa?"

"Ifute, Bi Nassra. Ijumaa nitakuwepo kazini."

Alitembea taratibu hadi kwenye Honda, hakugeuka nyuma. Akavaa helmeti, akashusha kioo, na humo ndani, ambamo hakuna aliyemwona, akalia mpaka mjini.

Saa mbili kamili alikuwa mezani kwake bandarini.