Moto wa Bibi Juliana

Moto wa Esta ulizimika jioni, saa ambayo ukungu wa Mufindi huteremka na kukalia mapaa. Alikuwa ametoka nje kidogo tu kuanua nepi. Aliporudi jikoni akakuta majivu. Akayafukua kwa kijiti, akainama, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Hakuna kitu.

Mwaka huo wa sabini na sita, kiberiti kilikuwa kitu cha kusimuliwa. Duka la kijiji lilikuwa na majembe, chumvi na mwenye duka. Watu waliishi kwa kuombana moto: unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, anakutilia kaa, unarudi mbio huku umelikinga na upepo kwa kiganja. Ndivyo zilivyopika nyumba zote za kijiji kile kipya, kilichopangwa kwa mistari nje ya Igowole.

"Mama, nishikie Yotamu," Esta alimwambia mama mkwe wake. "Nakwenda kuomba moto kwa Severina."

Yotamu alikuwa na wiki tatu duniani. Bibi yake alimpokea, akamgusa nyayo, akaguna.

"Wahi. Ameshaanza kupoa."

Esta hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ilikuwa Julai, na asubuhi majani yalikuwa yakiamka meupe kwa barafu. Julai iliyopita alimzika Jailos, mtoto wake wa kwanza, wa miezi miwili, kwa kifua. Mumewe, Joachim, alikuwa kwenye kiwanda cha majani ya chai, na Jumamosi, siku yake ya kurudi, ilikuwa mbali. Akajifunga shuka, akachukua kigae, akatoka.

Kwa Severina, mlango ulifunguliwa kabla hajabisha.

"Nilikuwa nakuja kwako," Severina alisema. Naye mkononi alikuwa na kigae. "Wangu umezimika sasa hivi. Kuni zipo, kavu. Umezimika tu."

Nyumba ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne, akina mama wawili walikuwa wamepiga magoti wakipuliza majivu. Hapo ndipo Esta alipogeuka na kutazama mstari wote, toka juu hadi bondeni. Kule chini hapakuwa na moshi hata mmoja. Giza la majiko lilikuwa likipanda, nyumba kwa nyumba.

Lilianzia nyumba ya mwisho.

Nyumba ya mwisho haikuwa na mtu. Ilikuwa ya Bibi Juliana.

Kijiji kizima kilimjua Bibi Juliana, na kijiji kizima kilikuwa na sababu ya kutomtaja. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, mwenye mazoea ya kukaa benchi la nyuma kanisani. Kule mabondeni walikotoka, moto wake haukuwahi kuzimika tangu aolewe. Kila usiku aliufukia kwa majivu, kila alfajiri akaufukua. Siku ya kuhamishiwa kijiji hiki kipya aliupandisha kwenye lori ndani ya chungu, amekikumbatia. Utingo akakimwagia maji. Akasema lori si jiko. Watu walicheka. Kuanzia siku hiyo bibi akawa wa kuomba moto kwa majirani, kama wengine.

Sasa, nyumba yenye mtoto mchanga haitoi moto nje. Hilo kila mtu wa huko analijua. Ukitoa moto, umetoa na pumzi ya mtoto. Lakini Julai ile Bibi Juliana alifika kwa Esta anatetemeka hata meno yanagongana, na Esta, mama wa miezi miwili, akasahau mila au akajisahaulisha. Akampa kaa. Siku ya nne Jailos akaanza kukohoa. Siku ya saba wakamzika.

"Ulimpa mtoto mkononi," mama mkwe alisema.

Esta angeweza kulia na kunyamaza. Hakunyamaza. Uchungu ulitafuta mtu wa kumkalia, ukamwona kikongwe asiye na mwana wala ndugu. Esta akalisema neno lile kisimani, mbele ya wanawake: mchawi. Hata ndoo hazijajaa, lilikuwa limeshafika mwisho wa kijiji. Mwinjilisti Filemoni akaomba kanisani kwa sauti ya kutikisa mabati kwamba kila mwenye mkono mchafu ateketezwe kwa moto. Bibi Juliana alikuwepo, benchi la nyuma. Yeye na moto hawakuonana tena. Kila mlango aliobisha ulikuwa kimya. Juni mwaka huu wakamkuta amejikunja katikati ya mafiga, amekufa, kigae kifuani.

Esta alipanda mbio hadi nyumba ya juu kabisa, kwa mwinjilisti. Mke wa Filemoni akamtilia kaa moja, dogo, na kumfungia mlango mgongoni. Mwanamke yule alipokuwa akikomea, Esta alimsikia ndani akisema, "Mungu wangu, na huu nao unazimika..."

Kaa lile ndilo lililokuwa moto wa kijiji kizima.

Akateremka. Ukungu ulimfika magotini, halafu kiunoni, halafu haukuonekana mwanzo wala mwisho. Miti ya milingoti ilikuwa ikidondosha maji. Tip. Tip.

Halafu harufu.

Majivu mabichi. Harufu ya jiko lililomwagiwa maji.

Nyuma yake nyayo zilikuwa zikija, za mtu mwepesi, asiye na haraka. Esta akakaza mwendo. Nyayo hazikukaza, wala hazikubaki nyuma.

"Kamwene, mwanangu..." sauti ya kizee ilimsalimu.

Akakimbia.

"Mwanangu. Naomba moto."

Alijitupa ndani, akakomea, akaweka kaa juu ya vibanzi. Moshi ulitoka, lakini haukupanda. Uliteleza chini, ukaelekea mlangoni. Mama mkwe alikuwa amemkumbatia Yotamu na midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi.

"Halii," mama mkwe alinong'ona. "Tangu umetoka hajalia."

Ko. Ko. Ko.

"Naomba moto..."

"Usiitike!" Mama mkwe akachomoa kitambaani dawa aliyopewa na mganga mmoja wa Mbalizi, ile ya kufukuza. Akainyunyiza kwenye kaa. Kaa lilitoa mlio mfupi, ukingo wake mmoja ukageuka mweusi.

Esta akasimama wima. Akanyoosha mkono kuelekea mlango kama alivyozoea kumwona mwinjilisti akifanya, akapaza sauti. Alikemea. Aliamuru. Aliita moto wa mbinguni ushuke uteketeze. Kila neno lilipomtoka kwa nguvu, kaa lilififia, kana kwamba ni yeye anayelipulizia ubaridi. Akanyamaza, anahema. Likabaki jicho moja jekundu, kama punje ya mtama.

Nje, mtu alikuwa akikohoa. Kikohozi kikavu cha kizee.

Esta alikijua kikohozi kile. Alikisikia mwezi wa sita, jioni ya baridi kuliko zote, mlango huu huu, na tumbo lake likiwa kubwa. Alikuwa amekaa palepale alipo sasa. Moto wake ulikuwa ukiwaka vizuri. Alibana pumzi ili ionekane hakuna mtu, akangoja hadi nyayo zikaondoka. Asubuhi wakamkuta amekufa. Hilo hakumwambia Joachim. Hakuliambia hata mto wake.

Akapiga magoti kwenye udongo, na maneno makubwa yote yakawa hayapo. Alitafuta sala, akapata moja tu. Ilikuwa ya Bibi Juliana mwenyewe. Kanisani, wengine wakipaza, kikongwe yule alikuwa akiinama na kusema kidogo kabisa, na wasichana walikuwa wakimwigiza wakitoka nje, Esta akiwa mmojawapo.

"Baba, ni mimi tu," Esta alinong'ona. "Sina cha kusema mbele yako."

Halafu akasema alichokuwa nacho.

"Nilimsikia. Nilikuwa macho. Moto ulikuwepo. Nilimwita mchawi kwa sababu mwanangu amekufa na nilitaka awepo wa kumlaumu. Nisamehe. Mtunze huyu mdogo. Na kama hutamtunza... nisamehe hivyo hivyo."

Alilia bila sauti. Hakusikia malaika wala ngurumo. Kitu kilichokuwa kimemkaba tangu kaburi la Jailos kililegea tu, akavuta pumzi hadi chini kabisa, pumzi yake ya kwanza kwa mwaka mzima. Hofu ilikuwa imetoka. Akaitafuta, hakuiona.

Akachukua kigae. Akaliokota kaa kwa vidole.

"Unafanya nini?" mama mkwe alisema. "Esta. Esta! Ndilo la mwisho hilo!"

"Najua, mama."

"Utamuua na huyu!"

Akafungua mlango.

Ukungu ulikuwa umesimama kizingitini kama ukuta. Ndani yake hakukuwa na uso. Ilitoka mikono tu, miembamba, ya rangi ya majivu, imeshika kigae kilichovunjika pembe. Kilikuwa kigae ambacho wao wenyewe walimzika nacho. Esta akatia kaa. Vidole vyao viligusana, na alichokuja kukisimulia maisha yake yote, kwa wachache waliokubali kusikiliza, ni kwamba vidole vile havikuwa vya baridi.

"Asante, mwanangu."

Nyayo zikateremka bondeni.

Esta akafunga mlango. Akamchukua Yotamu, akamvua, akamweka kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi na kuketi mbele ya mafiga yaliyopoa. "Baba, ni sisi tu," aliendelea kusema. Pembeni, mama mkwe alimlilia mjukuu kama aliyekwisha kufa. Muda ulipita. Halafu mdomo mdogo ukatafuta titi, ukalipata, ukavuta. Esta akasinzia akiwa ameketi, usingizi mzito usio na ndoto.

Kulipokucha, moshi mmoja ulikuwa ukipanda kijijini. Ulitoka nyumba ya mwisho.

Walikwenda wote, Mwinjilisti Filemoni mbele. Ndani, katikati ya mafiga, palikuwa na moto mzuri umefukiwa kwa majivu kwa namna ya wazee, tayari kufukuliwa. Majiko yote yalikuwa yamekufa. Watoto walikuwa wakitetemeka migongoni mwa mama zao. Hakuna aliyenyoosha kigae.

"Nani alitoa moto jana?" Filemoni aliuliza.

Mama mkwe alimnyooshea Esta kidole.

Esta alieleza. Alieleza yote, hata ile jioni ya mwezi wa sita. Alidhani wakisikia alivyokosa, watalia naye. Walichosikia ni kwamba mwenye mtoto mchanga amempa maiti moto na mtoto hakufa. Mtu wa namna hiyo, walinong'onezana, ana mkataba gani? Filemoni akaagiza maji. Ndoo ikaja, akaumwagia moto ule mwenyewe, huku akiomba kwa sauti. Kanisa zima likaitikia.

Siku hiyo mtu mmoja alitembea hadi Igowole, akarudi na moto. Ulipita mlango kwa mlango. Mlango wa Esta ulirukwa.

Jua lilipoanza kuzama, mama mkwe alikuwa amekwisha kufunga kitambaa chake na kuhamia kwa Severina. Esta alimfunga Yotamu mgongoni, akachukua kigae, akaenda kubisha.

"Severina, naomba moto."

Mwanga wa jiko ulikuwa ukionekana chini ya mlango. Ndani palikuwa kimya. Esta aliujua ukimya ule. Ni wa watu waliobana pumzi.

Hakubisha tena, na hakuwalaani. Alishangaa kukuta kwamba hana hasira nao, ana huzuni tu, huzuni kubwa, ya kwao na ya kwake. "Baba, ni mimi tu," alisema, akageuka.

Ukungu ulikuwa umeshashuka. Milingoti ilikuwa ikidondosha maji. Harufu ikamfikia, na safari hii haikuwa ya majivu mabichi. Ilikuwa ya kuni kavu zinazowaka.

Nyayo nyepesi zilisimama nyuma yake. Mgongoni, Yotamu alicheka, mtoto wa wiki tatu, ambaye hajafikia umri wa kucheka.

"Kamwene, mwanangu," sauti ilisema. "Lete kigae."

Esta alisimama palepale muda mrefu. Halafu, bila kugeuza uso, akakinyoosha nyuma.