Maganga Apatana Bei na Simu

Asubuhi ya Laela ina baridi, acha kabisa! Ukiongea, mdomo unatoa moshi kama jiko. Lakini Maganga alikuwa nje tangu kulipokucha, hata koti hana. Alikuwa anaosha gari.

Si gari kubwa. Ni kirikuu, ile pikapu ndogo ya kubebea mizigo. Ilikuwa imeegeshwa karibu na zizi. Na zizi lilikuwa limebaki na nafasi kubwa, maana ng'ombe wengi wa humo ndio waliogeuka gari. Walibaki wa maziwa tu, wachache.

Mkewe, Redempta, alikuwa zizini anakamua. Yeye ndiye aliyekuwa mgumu kukubali ng'ombe wauzwe. Wale walikuwa ng'ombe wa urithi. Siku ya kuuza alimwambia mumewe neno zito:

"Baba Amos, ng'ombe akifa tunakula nyama. Gari likifa tutakula nini?"

Maganga akaahidi kwamba gari halitabeba gunia hata moja kabla hajalikatia bima kubwa. Bima kubwa inalipa hasara ya mtu uliyemgonga, na inalipa hasara ya gari lako pia.

Basi leo ndiyo siku ya kutimiza ahadi. Maganga akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu, akafungua ukurasa wa kampuni moja ya bima. Simu ikaanza kumhoji. Gari aina gani? La mwaka gani? Lina thamani gani? Ni la matumizi binafsi au la biashara? Maganga akajibu yote kweli tupu. Akabonyeza. Bei ikatokea.

"Mama yangu! Hawa wanataka na ndama waliobaki!"

Sasa mwelewe mtu huyu. Maganga amekulia mnadani. Huko mnadani bei ya kwanza ni salamu tu. Unacheka, unajifanya unaondoka, unarudi, bei inashuka. Kwa hiyo akarudi kwenye yale maswali. Pale alipojibu "biashara", akaweka "binafsi". Akabonyeza tena.

Bei ikashuka!

"Umeona? Imeanza kulegea!" Maganga akapiga kelele.

"Unaongea na nani huko?" Redempta aliuliza.

"Napatana na simu!"

Akaenda kwenye thamani ya gari, akaikata nusu. Weee! Bei ikaporomoka kama bei ya mahindi wakati wa mavuno. Maganga akaruka, akapiga teke ndoo, maji yakammwagikia miguuni. Hata hakusikia baridi. Kidole chake sasa kilikuwa juu ya neno "Lipia".

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Coleta, jirani yao, Mfipa wa hapohapo Laela. Ni wakala wa bima, ana ofisi ndogo karibu na stendi. Kila asubuhi anapitia maziwa.

"Shikamoo, baba Amos."

"Marahaba, dada Coleta. Umechelewa! Nimeikaba simu mpaka imetoa bei ya mwisho. Ninyi mawakala mngenichinja."

Coleta akacheka. "Jirani wa bima yupo, wewe unapatana na kioo? Hebu nione."

Akaishika simu. Akasoma. Kicheko kikaisha.

"Baba Amos, hii gari itafanya kazi gani?"

"Si unajua? Nitabeba mahindi ya watu kwenda Sumbawanga. Nitashuka bondeni Milepa kufuata mpunga."

"Mbona hapa umejibu kwamba ni ya kutembelea wewe na familia?"

"Aa, hayo ni maneno ya mnadani tu. Nilikuwa naishusha bei."

Redempta akatoka zizini na ndoo ya maziwa. Alisikia. Akaiweka ndoo chini, akamtazama mumewe.

"Simu haijashuka bei," Coleta alisema. "Wewe ndiye uliyebadilisha gari. Kila ukibadilisha jibu, simu inadhani ni gari lingine, kwa hiyo inatoa bei nyingine."

"Gari si ndilo hili hili?"

"Subiri. Juzi Adolfu wa kule bondeni alikuja kukuachia ng'ombe umchungie. Ulimwuliza nini?"

Hapo Maganga akachangamka. Swali la ng'ombe! "Nilimwuliza ni wangapi. Ni ndama au wakubwa. Wanalima au hawalimi. Wana ugonjwa au hawana."

"Kwa nini uliuliza yote hayo?"

"Ningejuaje ujira wangu? Ndama wa kufungwa hapa nyumbani hana shida. Maksai wa kulima anavunjika mguu, anaibiwa, anakanyaga mazao ya watu. Kumchunga ni kazi nyingine kabisa!"

"Kwa hiyo ujira wa ndama na wa maksai haulingani."

"Thubutu!"

"Basi kampuni ya bima ndiye mchungaji wa gari lako. Gari la kwenda kanisani na kurudi linakaa sana nyumbani. Gari la mizigo liko barabarani kutwa, limelemewa, linashuka milima. Hatari yake ni kubwa, na bei inapanda. Sasa tuseme Adolfu alikwambia amekuletea ndama, kumbe ni maksai. Akavunjika mguu akiwa analima. Adolfu akaja anataka umlipe. Ungemwambia nini?"

Maganga hakufikiri hata kidogo. "Ningemwambia, mimi uliniachia ndama. Huyu simjui!"

Kisha mdomo ukabaki wazi, moshi unatoka.

"Ndivyo kampuni itakavyokujibu," Coleta alisema taratibu. "Siku ukipinduka na mahindi ya watu, watakwambia: hii gari hatuijui. Wanaweza kukataa kukulipa kabisa."

"Na ile thamani niliyoikata nusu?"

"Hapo umejikata mwenyewe. Gari likiungua lote, utalipwa kwa thamani uliyoisema wewe. Utapata nusu ya gari."

"Na mimi nitakula nini?" Redempta aliuliza.

Maganga akaichukua simu kama mtu anayeokota kaa la moto. Akafuta. Akaanza upya. Biashara. Thamani ya kweli. Bei ikarudi juu, ile ile ya kwanza. Akaguna.

"Sasa maskini hana njia?"

"Ipo," Coleta alisema. "Kampuni ni nyingi. Peleka majibu yale yale, ya kweli, kwenye kampuni nyingine. Hapo ndipo utajua nani ana nafuu. Ukibadilisha majibu, unalinganisha ndama na maksai. Uliza pia, gari likiumia, kiasi gani cha hasara utajibebea mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Ukikubali kubeba zaidi, mara nyingi bei inapungua. Lakini kubali kiasi unachokiweza. Na kumbuka, bei ya simu ni makisio. Wakija kulikagua gari, bei inaweza kubadilika."

Wakakaa watatu kwenye benchi, maziwa yakipoa. Wakajaribu kampuni tatu, majibu yale yale. Kampuni ya tatu ikawa na nafuu. Haikuwa nafuu ya kupiga teke ndoo, lakini ilikuwa nafuu. Redempta akasoma kila jibu kwa sauti kabla mumewe hajalipa.

Kirikuu ikaanza kazi. Ikabeba mahindi, ikabeba maharage. Mvua zikaja.

Siku moja Maganga alikuwa anashuka Milepa na magunia ya mteja. Barabara ilikuwa inateleza kama sabuni. Breki zikakataa kushika, gari likaingia mtaroni, likalala ubavu. Maganga akatoka kupitia dirishani, mzima, matope mpaka kwenye nyusi. Hapo hapo akapiga simu polisi na kwenye kampuni.

Mkaguzi wa bima akaja. Alikuwa kijana anayeitwa Edwin, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Akalizunguka gari, akapiga picha.

"Ulikuwa umebeba nini, mzee?"

"Mahindi ya mteja. Kwa kulipwa."

Edwin akatazama simu yake. Akapitisha kidole kwenye kioo, juu na chini, anasoma. Maganga aliwaona ng'ombe wa urithi, mmoja mmoja, wamelala pale mtaroni.

"Sawa," Edwin alisema. "Ndivyo ulivyotuambia. Hii gari tunaijua."

Maganga akakaa chini kwenye matope, akacheka huku anafuta macho.

Gari lilipotoka gereji, bili imelipwa na kampuni, safari yake ya kwanza ilikuwa ofisini kwa Coleta. Maganga akaingia na kidumu cha maziwa na jogoo mikononi, akashukuru kwa Kisukuma, lugha ya kwao.

"Wabeja, dada Coleta! Wabeja sana! Hata Kiswahili hakitoshi kukushukuru."

"Asante, baba Amos. Lakini majibu ya kweli uliyatoa wewe."

"Nilitoa kwa sababu ulinishika mkono. Sasa, nina jambo. Mama Amos amepata leseni. Kuanzia wiki hii naye anaendesha. Mwambie yule mchungaji wetu wa gari."

"Bei inaweza kubadilika, unajua."

"Ibadilike. Mchungaji lazima ajue nani anaswaga."

Nje honi ikalia ndefu. Kuku wa stendi wakatawanyika. Redempta alikuwa ameshika usukani, anacheka.

"Baba Amos! Toka huko, mahindi ya watu yanasubiri!"