Beji ya Shingoni

Mwizi hakuvunja hata kitasa. Aliichomoa beji ya kupimia mionzi kwenye ukosi wa daktari wa moyo, akachomeka mpya mahali pake, akaenda zake.

Inspekta alikuna kichwa. "Kibeji cha plastiki! Ndicho mlichoniitia?"

"Afande, hicho ndicho kinachosema daktari amepigwa na mionzi ya eksirei kiasi gani anapotibu moyo," alijibu mtaalamu wa mamlaka ya mionzi. "Anavaa mbili. Moja kifuani, chini ya aproni ya risasi, yale madini mazito yanayozuia mionzi. Nyingine shingoni, nje. Tumezisoma: ya kifuani ina mionzi, ya shingoni haina kitu. Haiwezekani. Mionzi iruke shingo iliyo wazi, ipenye risasi?"

"Beji mpya anazitunza nani?"

Macho yakamgeukia sista wa chumba cha upasuaji, mama wa makamo aliyefanya kazi na daktari huyo tangu ujana wao.

Inspekta alimkalisha kwenye stoo ya mashuka.

"Sista, beji iko wapi?"

"Sijui, Afande."

"Funguo za kabati unazo wewe peke yako. Usinizungushe."

Sista alishusha pumzi. "Niliitupa kwenye tanuri la taka."

"Kwa nini?"

"Mwaka juzi watu wa mamlaka walihesabu beji ya shingoni tu, kana kwamba hakuvaa aproni. Hesabu ikapita kikomo cha mionzi cha mwaka, wakamsimamisha kazi daktari. Hatuna daktari mwingine wa moyo. Mama yangu alikuwa kwenye foleni, akafa akimsubiri." Machozi yalimtoka. "Ningekaa nitazame tena?"

Mtaalamu, aliyesimama mlangoni, aliinamisha kichwa. "Njia ile tumeiacha, Sista. Siku hizi tunakubali beji zote mbili zipigiwe hesabu pamoja, na aproni izingatiwe. Angebaki chini ya kikomo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulimwambia mkurugenzi wa hospitali."

Inspekta alitamani kumzaba mtu kibao, ila hakujua aanze na nani.

"Na sasa?" aliuliza.

"Kipimo kimeungua. Kisipokuwepo, sheria inatulazimu kumwandikia daktari kiwango cha juu kabisa cha mionzi. Kuanzia leo hagusi mashine," alijibu mtaalamu.

Sista alijiziba mdomo. Inspekta hakuwa na moyo wa kumtia pingu. Alimshika mkono tu kama dada yake. Koridoni walipishana na kitanda cha magurudumu. Bibi wa watu, keshavalishwa gauni la upasuaji, alikuwa akirudishwa wodini.

"Sista, mwanangu," aliita, "wanasema nisubiri kidogo. Kidogo ndiyo lini?"