Malozi Mawili kwenye Wali wa Krismasi

Kila mwaka, siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, Signe aliamkia jikoni kwa Bibi Gudrun kumenya malozi. Bibi aliyaloweka kwenye maji ya moto, naye Signe akayaminya kwa vidole mpaka yakachomoka kwenye maganda yake, meupe na laini. Kisha Bibi aliyakatakata na kuyachanganya na wali baridi wa maziwa na krimu. Yote, isipokuwa moja. Hilo lilifichwa zima ndani ya bakuli, na aliyelipata alipewa zawadi.

Mwaka uliopita Signe ndiye aliyelipata. Alizawadiwa nguruwe mdogo wa sukari, akamgawia binamu yake Troels kichwa chote pamoja na masikio.

Safari hii zawadi ilikuwa nyingine kabisa. Babu Aksel alikuwa anastaafu. Tangu ujana wake alikuwa akishika breki za treni ya vilima katika bustani ya michezo ya Lindehaven, jijini Kopenhagen, treni kuukuu inayopanda na kuporomoka juu ya reli za mbao. Kando ya kiti chake palikuwa na kiti kimoja ambacho hakijawahi kukaliwa na mgeni. Babu alitangaza kwamba, usiku wake wa mwisho kazini, mwenye lozi atakaa hapo na kupiga kengele kwenye mteremko mkubwa.

"Nikilipata mimi, Bibi, nitalia kwa furaha," alisema Signe.

"Lia baadaye. Menya kwanza," Bibi akajibu, kisha akashuka ghalani kuchukua matunda ya cheri ya mchuzi wa wali.

Alipotoka tu, Troels akachungulia mlangoni. Alimzidi Signe mwaka mmoja, na wawili hao walikuwa chanda na pete.

"We Signe, nigawie lozi moja nionje."

"Bibi kakataza kudokoa."

"Moja tu, bwana! Hata mimi unaninyima?"

"Mlafi wewe!" Signe akacheka, akamrushia moja. Troels akalidaka na kutoka mbio.

Jioni familia nzima ilikuwa Lindehaven. Taa zilimulika kila tawi, watoto walipanda farasi wa kuzunguka huku wakipiga kelele, na harufu ya vitumbua vya moto ilimfuata kila apitaye. Familia ya Babu haikukaa na wageni. Ilikula katika chumba cha wafanyakazi nyuma ya kituo cha treni, kama kila mwaka: bata wa kuoka, viazi vilivyopakwa sukari iliyoungua, kabichi nyekundu, na mwisho bakuli kubwa la wali wa Bibi.

Katika kula wali huo wana ujanja wao. Aliyelipata lozi hasemi. Hulibana shavuni na kuendelea kula kama hana habari, ili wenzake wajaze matumbo wakitafuta kisichokuwapo. Bakuli likikauka, ndipo hulitoa na kuwacheka.

Kijiko cha tatu tu, Signe akang'ata kitu kigumu. Moyo ulimpiga kwa furaha. Akakisukuma shavuni kwa ulimi, akatazama sahani yake.

"Aliyelificha ana roho ngumu," alilalamika baba yake Troels huku akilegeza mkanda. "Toeni, jamani, nitapasuka!"

Signe alikuwa anajizuia kucheka, mara Troels akaruka kutoka kitini.

"Ninalo!" Alishika lozi zima, jeupe, juu ya kichwa chake.

Wote wakashangilia. Polepole Signe alifungua mdomo, akalitoa la kwake na kuliweka mezani. Makofi yakakatika.

"Makubwa haya," alisema Mama Mkubwa Birthe, mama yake Troels. "Leo wali umezaa?"

"Mimi nilitia moja tu," alisema Bibi.

"Basi tujiulize, nani alikuwa jikoni akimenya malozi?"

Macho yote yalimgeukia Signe. Yeye alimtazama Troels, akangoja. Alikuwa na hakika kwamba atasema, kwa kuwa ni Troels. Lakini Troels alikuwa anakikagua kijiko chake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona.

"Troels, si nilikupa jikoni? Waambie!"

"Mimi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo sijakanyaga jikoni."

"Signe, mwanangu," alisema mama yake kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi. "Sema ukweli tu. Hatutakupiga."

"Nimeshausema!"

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na usiku ule Signe aliyahisi meno yenyewe. Angeweza kuvumilia kukosa kiti. Lakini kuitwa mwongo mbele ya Babu, na anayejua ukweli ni yule yule ambaye Signe alimgawia kichwa cha nguruwe wake wa sukari! Machozi yalimlenga, akageuka asiwaoneshe.

Babu aliwatazama watoto hao wawili. Hakumkemea yeyote.

"Desturi ni kwamba wa kwanza kuonesha ndiye mshindi," alisema hatimaye. "Troels, vaa kofia. Abiria wanangoja."

Familia ilisimama kwenye uzio, chini ya mteremko mkubwa. Signe alijitenga mwisho kabisa. Treni ilipanda ikikwaruza, ikafika kileleni, ikaporomoka kwa mayowe ya abiria.

"Troels! Kengele!" wakaita.

Kengele haikulia. Treni ikazunguka mara ya pili, na bado haikulia. Iliposimama kituoni, Troels aliteremka akiwa amekunja kofia mikononi.

"Vipi, uliogopa?" mama yake akamtania.

Troels akatikisa kichwa. "Babu kaniuliza mbona sipigi kengele. Nimeshindwa kuipiga." Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Lozi langu lilitoka mfukoni. Signe alinipa asubuhi, akidhani nataka kuonja. Nilikitaka kile kiti. Nisamehe, Signe."

Mama Mkubwa Birthe alishika mdomo. Kisha alimwendea Signe, akainama mbele yake. "Nimekuhukumu bure, mwanangu. Nisamehe na mimi." Mama yake Signe alimkumbatia. Signe alidhani furaha ingemrudia papo hapo. Haikurudi. Kifua kilikuwa bado kizito.

"Lozi lako lipo wapi?" Babu akamuuliza.

"Lilibaki mezani."

"Si kitu. Panda. Bado nina safari moja."

Kiti kilikuwa cha baridi na chembamba, na kutoka kileleni taa za Kopenhagen zilionekana zote. Babu aliishika breki, akapunguza mwendo kidogo.

"Miaka yote hii abiria wananiona mgongo tu," alisema. "Hawanijui jina, lakini wanakubali niwateremshe. Ningewadanganya siku moja tu, nani angepanda tena? Mwenzako leo ameharibu kitu kikubwa kuliko wali. Kukiri kwake ni kuzuri, nami namsifu. Lakini kiti nimekurudishia kwa dakika moja. Kuaminiwa hakurudi kwa mzunguko mmoja. Itabidi akujengee imani upya, siku baada ya siku, na wewe usimharakishe wala usimfungie njia."

Akaachia breki. Wakaporomoka, na Signe akavuta kamba kwa nguvu zake zote. Kengele ikalia bustani nzima.

"Signeee!"

Aliyeita kwa sauti kuliko wote alikuwa Troels, amesimama peke yake mwisho wa uzio, pale pale alipokuwa amesimama Signe. Signe alimwona na hakumpungia. Lakini treni ilipopita mara ya pili, aliinua mkono kidogo tu, kisha akaurudisha kwenye kamba ya kengele.