Barua Iliyosema Baba Kagongwa

Kila siku saa saba mchana, Kahaso alitoka shuleni, akampitia mdogo wake Kombe kwa jirani, wakaenda nyumbani kula. Walikaa Bombolulu, katika nyumba ya vyumba vya kupanga. Baba yao, Gona, alilemaa miguu tangu utotoni na alitembea kwa magongo. Kazi yake ilikuwa kufua vidani vya shaba katika karakana. Mama yao aliuza nazi sokoni Kongowea, na jioni alishona nguo kwa cherehani yake. Mwaka huo wa 1991, Kahaso alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jumanne moja alikuwa akimpakulia Kombe wali, mlango ukagongwa.

"Hodi! Fungua upesi, mwanangu. Nimeleta barua ya babako!"

Kahaso akafungua. Alikuwa mtu wa makamo, shati safi, gunia kwapani. Akampa kikaratasi kilichoandikwa hivi: "Kahaso, nimegongwa na gari. Niko hospitali. Mpe huyu cherehani aniuzie nitibiwe. Fanya haraka, usimwambie mtu. Baba."

Kahaso akaigeukia cherehani huku machozi yakimtoka, kisha akakisoma kile kikaratasi tena. Baba hakupata kumwita kwa jina la Kahaso hata siku moja. Alikuwa amepewa jina la nyanyake, mzaa baba, kwa hivyo baba alimwita "mama", kama wafanyavyo Wagiriama.

"Ngoja nikamuulize Dada Mwikali, jirani yetu," alisema.

"Babako anakufa, nawe waenda kuuliza watu?"

"Nitarudi sasa hivi."

Yule mtu alimpiga kofi lililomwangusha juu ya sufuria ya wali. Akaufunga mlango kwa teke, akachomoa panga guniani. Kombe akaanza kulia. Mtu yule alipoinyanyua cherehani, Kahaso aliirukia akaing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Wezi! Wezi jamani!"

Panga likashuka. Kahaso alihisi moto mkononi, akaona damu ikimwagika sakafuni, lakini hakuachia.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Mwikali, na mchi wa kinu mkononi. Alimpiga yule mtu begani hata panga likamtoka. Mwizi akamsukuma, akatimua mbio.

Hakufika mbali. Watu walimkamata mbele ya duka la Mzee Bakari, wakamshukia kwa mawe na marungu. Meno yalimtoka. Jicho lake moja lilifumba kwa uvimbe. Mtu mmoja akaja akibingirisha tairi kuukuu, mwingine akaitisha mafuta ya taa wamchome. Kahaso, mkono umefungwa leso iliyolowa damu, aliyaona hayo yote akatapika.

Ndipo Gona alipofika, jasho likimtiririka. Mzee Bakari alikuwa amepiga simu karakanani. Gona alijipenyeza katikati ya umati, akasimama juu ya yule mwizi kwa magongo yake mawili. Jiwe likampiga mgongoni, asiondoke.

"Aliyekatwa ni mwanangu!" alipaza sauti. "Nami nasema basi! Muacheni, polisi wamchukue!"

Mikono ikashuka mmoja mmoja.

Hospitalini Kahaso alishonwa nyuzi kumi na moja. Hapo ndipo alipomwambia baba yake jambo lililomkera moyoni zaidi ya jeraha.

"Baba, mimi namjua. Juzi alinikuta bombani nikiteka maji, akanichekea. Akaniuliza jina langu, na kazi yako, na nyumbani tuna nini. Nikamwambia yote."

"Mambo ya nyumbani haambiwi kila mwenye kucheka," alisema Gona. "Na habari ikikwambia ufanye haraka, tena usimwambie mtu, hiyo itilie shaka. Mlango usifungue. Mwambie aliyeileta angoje nje, kisha umwite Mwikali kwa sauti, Mzee Bakari anipigie simu. Nikiwa nimegongwa kweli, mtaambiwa huko karakanani."

"Na kama nimeshafungua?"

"Mchukue mdogo wako mkimbie, mkipiga kelele. Yeye achukue atakacho." Akauinua taratibu mkono wa Kahaso uliofungwa bendeji. "Cherehani yauzwa dukani. Mkono huu ningeununua wapi?"