Wino Mweusi wa Kasimiri

Ndugu zangu wenye vibanda vya picha, na nyie wenye waume wabishi, sogeeni niwasimulie.

Pale Bigwa, Sufiani na mkewe Yasmin waliishi kwa raha zao. Asubuhi mume anafungua kibanda, mke analeta chai ya tangawizi, wanataniana mpaka mteja wa kwanza afike. Sufiani alikuwa mcheshi, mwenye huruma. Ila kwenye wino, loo, mkono wa birika!

Printa yao ilitumia wino mweusi wa aina mbili: mmoja wa karatasi zinazong'aa, mwingine wa karatasi za kawaida. Ukibadilisha kutoka huu kwenda ule, mashine hujisafisha na kumeza wino kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichomuuma. Miezi minne akachapa kadi za harusi tu, za karatasi ya kawaida, asibadilishe hata mara moja.

"Baba Asia, ule mwingine utagandia ndani," Yasmin alimwambia.

"Mke wangu, wino si maji ya mlimani."

Basi siku moja akaingia Bibi Bernadeta, ametoka Matombo, na kipicha kilicholiwa na unyevu. Sufiani akamwamkia, akampa kiti.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni marehemu mume wangu, Kasimiri. Keshokutwa ni misa ya mwaka mmoja. Nitolee kubwa, inayong'aa. Picha inafutika, na macho yangu nayo hayaoni vizuri. Naogopa nitamsahau sura."

Sufiani alimhurumia kweli. Lakini uchungu wa wino ukamshinda. Akaweka karatasi inayong'aa, akaidanganya mashine kwamba ni ya kawaida, akachapa kwa wino ule ule wa kadi.

Picha ikatoka nzuri. Bibi akacheka, akampapasa mumewe shavu. Shavu likaondoka na kidole.

"Yesu wangu! Nimemfuta!"

Jamani, Sufiani alitamani ardhi ipasuke. "Si wewe, bibi. Ni mimi. Wino huu haushiki kwenye karatasi inayong'aa."

Akabadilisha wino haraka. Lo! Ulikuwa umeganda kweli. Kasimiri akatoka na michirizi, nywele hana. Akaamuru mashine ijisafishe mara moja, mara mbili. Ya tatu, Yasmin akamshika mkono.

"Acha, unamwaga wino bure." Akalowesha kitambaa laini kwa dawa ya kusafishia, akakilaza chini ya kichwa cha printa, pale wino unapotokea. "Iache iloe mpaka kesho. Bibi, leo utalala kwetu."

Sufiani hakubisha.

Asubuhi wakachapa karatasi ya majaribio: mistari yote mizima. Ikaja picha. Sufiani akaiacha ikauke, akaisugua pembeni kwa kidole chake mwenyewe. Haikutoka kitu. Bibi akaogopa kuigusa, mpaka Yasmin akamshika mkono na kuuweka kwenye lile shavu.

"Haondoki," Bibi akanong'ona, machozi yakimtoka. "Ndiye huyu. Mweusi tii, nilivyompendea."

Funzo

Chombo kinachokulisha usikionee choyo. Mwenye printa ya wino mweusi wa aina mbili, tumia zote, usingoje mmoja ukauke. Usiidanganye mashine kuhusu karatasi. Atakayelia ni mteja wako. Na mkeo akikuonya, msikilize.

Sufiani amesikia. Siku hizi kila mwanzo wa mwezi hubadilisha wino, akachapa picha moja ya kung'aa ya kujaribia. Nendeni Bigwa mkaone ukuta wake: umejaa picha za Yasmin tu.