Kofia Yenye Macho ya Simba

"Macho!"

Mtaa mzima uliijua sauti hiyo. Fundi Cheche akiita "Macho!", kila mtu aligeuka. Fundi cherehani wa jirani aliinamisha kichwa. Wapita njia walitazama upande wa pili. Hata mtoto wake wa mwisho, ambaye maneno matatu yalikuwa bado yanamshinda, alijua kugeukia ukuta. Kisha rodi ya kuchomelea iligusa chuma, mwanga ukawaka, cheche zikaruka. Ndizo zilizompa fundi jina lake.

Fundi Cheche alitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya paa la bati. Msaidizi wake alikuwa mke wake. Mama watoto ndiye aliyepima na kukata. Ndiye pia aliyeshika vyuma kwa mikono miwili ili visicheze, huku uso ameugeuzia ukutani. Alikuwa amefanya hivyo miaka sita.

Na fundi mwenyewe alijikinga na nini? Usicheke. Alivaa miwani ya jua. Ilikuwa nyeusi, kubwa, mguu mmoja umevunjika na kufungwa kwa uzi. Aliamini kwamba kitu kikiwa cheusi, basi ni kinga. Jioni macho yalimwasha kama yametiwa mchanga. "Uchovu tu," alisema, akajimwagia maji usoni.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi mwingine, mwanamke kijana aliyechomelea matangi ya maji. Watu walimwita Binti Tangi. Yeye alivaa kofia ya kuchomelea, ile inayofunika uso wote, yenye kidirisha cha kioo mbele.

"Mwone yule," Fundi Cheche aliwaambia wateja. "Amejifunika sufuria."

Binti Tangi alisikia, akacheka, akaendelea na kazi. Matangi yake hayakuvuja hata tone.

Jumatatu moja alikuja mwalimu mkuu wa shule ya bweni. Alitaka vitanda arobaini. Kazi kama hiyo Fundi Cheche hakuwahi kuipata maishani. Kwanza, mwalimu alitaka kuona kitanda cha mfano. Alikizunguka polepole. Akapitisha kidole kwenye maungio.

"Fundi, mbona mshono umepita pembeni? Chuma kiko huku, mshono uko kule. Kama majirani waliogombana."

"Ni rangi tu inakudanganya, mwalimu."

Mwalimu alikikalia kitanda. Kitanda kililia ng'wi, kikanyamaza kidogo kama kinachofikiri, kisha mguu mmoja ukaachia. Mwalimu alisimama, akajipangusa sketi.

"Watoto wangu wanaruka vitandani," alisema. "Nitarudi Jumatatu ijayo. Nikikuta kitanda kama hiki, kazi nampa mwingine."

Alipoondoka, mke alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Baba watoto, nikwambie ukweli?"

"Hata nikikataa utaniambia."

"Unachomelea huku umefumba macho."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Nakushikia chuma kila siku. Ukisema 'Macho', unafumba ya kwako kwanza."

Fundi Cheche aliinama, akaokota msumari usio na kazi. Ilikuwa kweli. Ule mwanga uliuma, na miwani haikutosha. Kwa hiyo alifumba macho, akagusa chuma kwa kubahatisha, kisha akafumbua nusu. Mara nyingine aligusa penyewe. Mara nyingine aligusa jirani.

"Nenda kamwulize Binti Tangi," mke alisema. "Ile kofia yake ina jambo."

"Nikamwulize mtoto wa juzi? Nilianza kuchomelea yeye bado ananyonya."

"Kuuliza si ujinga."

"Wala si lazima."

Kesho yake alipita mchuuzi na mkokoteni wa vitu vilivyotumika. Juu kabisa palikuwa na kofia ya kuchomelea iliyopakwa rangi. Ilichorwa simba, manyoya mekundu pande zote. Macho mawili ya njano yalichorwa juu kidogo ya kidirisha. Fundi Cheche aliipenda palepale.

"Hii inajitia giza yenyewe?" aliuliza.

"Yenyewe kabisa. Ukiwasha tu, giza. Ukizima, mwanga unarudi."

"Naweza kuijaribu?"

"Simba hajaribiwi, fundi," alisema mchuuzi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeondoka. Fundi Cheche alitoa pesa aliyoiweka kwa ajili ya redio mpya. Mchuuzi alisukuma mkokoteni wake kwa haraka isiyo ya kawaida.

"Sikujua kama nimeolewa na simba," mke alisema alipomwona.

"Shika chuma, mama watoto. Leo hakuna cha 'Macho'. Kofia inajua kazi yake."

Mke alishika. Hakusikia ule wito aliouzoea, kwa hiyo hakugeuka. Alikuwa anatazama vidole vyake, pale pale rodi ilipogusa.

Mwanga ulilipuka. Kioo cha kofia hakikuingia giza hata kidogo. Fundi Cheche aliona weupe mtupu, akafumba macho upesi kama alivyozoea.

"Labda bado imelala," alisema, akajaribu tena. Akajaribu na mara ya tatu. Kisha akaivua na kuitupa chini. Mke wake alikuwa amesimama, anasugua macho kwa kiwiko.

"Uko salama?"

"Naona madoa tu. Yatapita."

Hayakupita. Kulipokucha mke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kope zilikuwa zimevimba, machozi yanatiririka.

"Nani amenimwagia mchanga machoni?" aliuliza. Alinyoosha mikono mbele, akapapasa ukuta akitafuta mlango. Mtoto wao alicheka, akidhani ni mchezo wa kujificha.

Fundi Cheche hakucheka. Alimtazama mke wake akipapasa nyumba yake mwenyewe, akaogopa kuliko siku zote. Vitanda arobaini vilimtoka kichwani. Je, kama hataona tena? Alivuka barabara bila kuvaa viatu.

"Dada," alimwambia Binti Tangi. Hakuwahi kumwita hivyo. "Nisaidie."

Binti Tangi alizima mashine, akavua kofia, akasikiliza mpaka mwisho. Angeweza kumkumbusha sufuria. Hakumkumbusha, siku ile.

"Kwanza zahanati," alisema. "Simba atangoja."

Zahanati walimkuta muuguzi wa macho. Alimchunguza mama watoto taratibu kwa kurunzi ndogo.

"Mwanga wa kuchomelea umekuchoma macho," alisema, "kama jua kali linavyochoma ngozi. Maumivu huanza baada ya saa kadhaa. Utapona kwa siku mbili hivi. Usiyasugue. Usitie dawa ya kuazima kwa majirani. Tumia hii ninayokupa, na ukae mahali penye kivuli. Yasipopungua, rudi."

Fundi Cheche alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Na wewe, fundi, huwa unavaa nini?"

"Miwani ya jua."

Muuguzi aliweka kalamu mezani.

"Miwani ya jua ni ya jua, baba. Moto huo una miale mikali, na mingine haionekani. Kioo hicho hakiwezi kuizuia vya kutosha, na pembeni kuko wazi. Hiyo unayoiita uchovu kila jioni ni macho yako yanaungua kidogo kidogo. Yakiungua mara nyingi, yanaweza kuharibika."

Njiani Fundi Cheche alimshika mke wake mkono. Hakumwachia mpaka nyumbani.

Mchana ule Binti Tangi aliichukua kofia ya simba, akaigeuza huku na huku. Ghafla akaanza kucheka.

"Kaka, umeona simba alipochorwa macho?"

"Hapo juu ya kidirisha."

"Basi hapo ndipo kofia ilipo na macho yake." Alibandua plastiki iliyopakwa rangi. Chini yake palikuwa na vidoa viwili vyeusi, vidogo kama punje za dengu. "Hivi ndivyo vinavyouona mwanga na kukiambia kioo kijitie giza. Huyu mchoraji ameifumba macho kofia, kisha akaichorea mengine."

"Kwa hiyo sasa imepona?"

Binti Tangi alichukua kiberiti cha gesi, akakipiga mbele ya vile vidoa. Kioo kiliingia giza upande mmoja. Upande wa pili ulibaki mweupe.

"Haijapona. Tazama na hapa kwenye kioo, hakuna namba yoyote. Hatujui inazuia nini. Kofia ya namna hii sivai mimi, na humvishi mtu."

Ijumaa macho ya mama watoto yalikuwa yamepona. Watatu walikwenda dukani. Fundi Cheche alitaka kumwacha apumzike.

"Naenda mwenyewe," mke alisema. "Nikikuacha peke yako utarudi na tembo."

Muuza duka aliweka kofia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, inang'aa, ya bei kali. Ya pili ilikuwa nyeusi tu, haina pambo. Ya tatu ilikuwa rahisi kuliko zote, na ilichorwa moto. Mkono wa Fundi Cheche ulianza kuelekea kwenye moto. Mke aliupiga kofi dogo.

"Nitafutie namba kwenye kioo," Binti Tangi alisema.

Yenye moto haikuwa na namba. Betri yake ilifungiwa ndani, haibadilishiki. Waliisogeza kando. Ile nyeusi ilichapwa nne, kisha tisa hadi kumi na tatu, pamoja na alama ya viwango.

"Nne ni kabla ya moto," Binti Tangi alieleza. "Unaona kazi yako vizuri. Moto ukiwaka, kioo kinaruka hadi giza ulilochagua, kati ya tisa na kumi na tatu. Unazungusha kitufe hiki. Kwa vitanda vyako anzia kumi. Mwanga ukikukera, panda kumi na moja."

Alipiga kiberiti mbele yake. Kioo kilikonyeza, kikawa cheusi chote, kikarudi. Kisha akaziba vidoa kwa kidole, akapiga tena. Hakikubadilika.

"Ukiiziba, haioni. Usiipake rangi. Usibandike picha. Futa vumbi kila asubuhi, na ipige kiberiti kabla ya kazi."

"Na hii kubwa?" Fundi Cheche aliuliza. "Ina macho manne."

"Unalala chini ya malori ukichomelea?"

"Hapana."

"Macho manne ni ya mtu anayejipenyeza, ili moja likizibwa mengine yaone. Wewe unachomelea mezani. Mawili yanakutosha. Betri ya hii inabadilishwa, na plastiki za akiba za mbele wanakupa mbili. Ivae uone kama inakaa."

Fundi Cheche aliivaa, akakaza mkanda, akatikisa kichwa. Ilikuwa nyepesi, haikuteleza.

"Na mtu asiye na pesa hata ya hii?" mke aliuliza.

"Anunue ile ya zamani, yenye kioo cheusi cha namba, ya kufunika na kufunua. Haijitii giza, shingo itachoka kidogo, lakini haidanganyi. Ni bora kuliko ya kujitia giza isiyoaminika. Na wewe wifi, chukua moja ya hizo. Bei yake haiumi. Kofia ya mumeo inamlinda yeye tu."

Alichukua pia jiliwa mbili, vyuma vya kubana kwa kukaza.

"Hizi zishike chuma badala ya mikono yako," alimwambia wifi yake. "Na mtundike turubai zito upande wa barabara. Wito wa 'Macho' msiuache. Ni mzuri, ila peke yake hautoshi."

Jumamosi turubai lilitundikwa. Jiliwa zilibana chuma. Fundi Cheche alipiga kiberiti, kioo kikakonyeza. Akaita, "Macho!" Kwa mara ya kwanza aliiona ncha ya rodi ikikaribia pale inapotakiwa kugusa. Mwanga ukawaka, giza likaja kabla hajapepesa, na akaendelea kuona. Palikuwa na tone la chuma kilichoyeyuka, linatembea polepole kwenye ungio. Machozi yalimlengalenga, na safari hii si ya moto.

Kando yake mke alikuwa amefunika uso kwa kofia yake.

"Kumbe ndicho hiki?" alisema. "Miaka yote hii nilidhani ni radi." Akainama karibu zaidi. "Unapinda kushoto."

Jumatatu mwalimu mkuu alipitisha kidole kwenye mshono. Alikaa. Akalala chali na viatu vyake. Kisha, bila aibu yoyote, akajirusha mara tatu. Kitanda hakikutoa hata mlio.

"Bado thelathini na tisa," alisema akiwa bado amelala.

Kofia ya simba haikuuzwa kwa mtu mwingine. Iligeuzwa chali kwenye kona ya karakana, na kuku akataga humo. Binti Tangi alipoliona hilo ndipo alipouliza, "Kaka, hilo sufuria la nani?" Mke alicheka mpaka akashika kiuno, na fundi naye akacheka.

Siku ya kitanda cha arobaini Fundi Cheche alikuwa ameingiza mabomba kutoka nje, mikono imejaa, hana kofia. Mke wake alikuwa mezani. Alikuwa amevaa ile nyeusi, na rodi ilikuwa mkononi mwake.

"Macho!" mke aliita.

Fundi Cheche aliweka mabomba chini, akageukia ukuta. Ulikuwa karibu sana na pua yake. Ulikuwa na ufa mwembamba, na alama za penseli ambazo hakuwahi kuziona. Alianza kuzihesabu. Zilikuwa hesabu ya mageti, madirisha na vitanda vyote walivyovitengeneza, kila kimoja kistari chake, kilichowekwa na mtu aliyekuwa hana kingine cha kutazama. Nyuma yake cheche ziliruka.

"Geuka sasa," mke alisema. "Njoo uone kama nimepinda."

Aligeuka, akapitisha kidole. Hakuwa amepinda. Akachukua penseli nyuma ya sikio, akarudi ukutani, akaongeza kistari cha kitanda cha arobaini.